Kimbunga kikitajwa, uliza maji kwanza

Kimbunga kikitajwa tu kwenye redio, huku Lamu swali ni upepo, ati una nguvu gani, mabati yatang'oka ama vipi. Sawa, upepo si mchezo, lakini mimi naogopa maji zaidi. Kule Tacloban, Ufilipino, Novemba 2013, kimbunga Haiyan kilisukuma bahari ikapanda mpaka majumbani, na nchi nzima walikufa watu zaidi ya 6,000.

Sisi tumebahatika, tuko karibu na ikweta, digrii 2 hivi tu, na huku msukumo wa mzunguko wa dunia ni mdogo, upepo haupati nguvu ya kujizungusha vizuri, ndo maana vimbunga vingi vinaishia Msumbiji na Madagaska. Ila usijiamini sana, kimbunga Hidaya mwezi wa 5 mwaka 2024 ilifika mpaka Mafia, hapo Tanzania tu, na kimbunga kikiwa mbali mawimbi yake yanaweza kukufikia.

Siku zile magrupu ya WhatsApp yalijaa voisi za kutisha, kila mtu mtabiri. Mimi nilihesabu mwezi. Ulikuwa unaelekea kuisha na maji ni mafu, yaani hayajai sana, nikapumua kidogo, manake bahari ikisukumwa siku ya bamvua, siku maji yanapojaa kupita kawaida, inaanza kupanda ikiwa ishajaa tayari, hapo ndo balaa. Lakini mashua tuliitoa mbele ya mji vilevile, tukaiingiza ndani kwenye mkondo wa mikoko, tukashusha foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lenyewe, tukatia nanga mbili. Na kamba iwe ndefu jamani! Ukiifupisha, wimbi likiinua chombo linang'oa na nanga yenyewe. Mashine ifungue uende nayo nyumbani.

Nyumbani jaza maji ya kunywa mapema, chaji simu na pawabenki, angusha madafu na makuti makavu ya mnazi ulio juu ya paa lako. Kitambulisho na hati za shamba tia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana (mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku) na uiweke ghorofani. Nyumba za mawe za mjini zinastahimili upepo, ila kama unakaa chini karibu na maji hamia kwa jamaa aliye juu kabla giza halijaingia, usingoje kuona maji mlangoni.

Na kama una jamaa anafanya kazi meli za huko Asia ama yuko Msumbiji, mwambie habari ya jicho la kimbunga, ile sehemu tulivu ya katikati yake. Upepo unakata ghafla, pengine na jua linatoka, watu wanatoka nje kuokota mabati yao, kumbe imepita nusu tu, ile nyingine inakuja na upepo umegeuka upande wa pili. Akae ndani mpaka watu wa hali ya hewa waseme kimepita.

Wakisema vyombo visitoke basi kwenda Mokowe, huko bara, usivuke, hata nahodha akwambie yeye bahari hii anaijua tangu utotoni.