Salfaidi isiyo kwenye orodha: je, ni madini mapya?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ndani ya mwamba wenye kwazi na grafiti nimekuta punje za kijivu zinazong'aa kama metali. Kubwa kuliko zote haifiki nusu milimita. Nimezipima kwa EDS (kipimo kinachotambua elementi kwa nishati ya eksirei zake) kwenye hadubini ya elektroni, kilovolti 15, nikapata salfa, risasi na molibdenamu. Nimepekua orodha za madini, hakuna fomula inayolingana na yangu. Je, haya ni madini mapya? Kama ndiyo, nianzie wapi kuyathibitisha?

Jibu: Ndugu msomaji, usishangilie bado, wala usiitupe sampuli. Umetaja elementi tatu ambazo zikikaa pamoja huisumbua EDS kuliko karibu kundi lolote lingine katika salfaidi, yaani madini ya metali na salfa. Mstari wa eksirei wa salfa uko kwenye kiloelektronivolti 2.31, wa molibdenamu 2.29, wa risasi 2.35. EDS ya kawaida hutenganisha mistari iliyopishana kwa takribani 0.13. Kwa hiyo unachokiona kwenye skrini ni kilima kimoja tu, na programu ndiyo inayokigawa: hiki cha salfa, hiki cha risasi. Galena tupu (salfaidi ya risasi, PbS) inaweza kugawiwa molibdenamu isiyokuwa nayo, na molibdenaiti (salfaidi ya molibdenamu, MoS2) ikazushiwa risasi.

Dawa yake si ngumu. Pandisha kilovolti hadi 25 au 30, kisha uache kile kilima na uangalie mbali zaidi. Risasi ya kweli itaonyesha mstari kwenye 10.55, na molibdenamu kwenye 17.48. Kwa kilovolti 15 ulizotumia, huo mstari wa pili hauwezi kutokea kamwe, kwa sababu kuuamsha kunahitaji elektroni zenye nguvu ya kuvuka 20. Ukiukosa hata kwa 30, basi molibdenamu uliyoiona ilikuwa ya programu, si ya jiwe.

Tuseme imeonekana. Bado kuna mtego wa mchanganyiko. Elektroni zikiingia kwenye punje hazisomi nukta, zinasoma ujazo wenye upana wa mikromita moja au zaidi, nao hutanuka kadiri unavyopandisha volti. Galena na molibdenaiti zikiwa zimeshonana kwa nyuzi nyembamba kuliko hapo, mashine itakupa "fomula" ya kitu kisichokuwepo. Pima sehemu nyingi za punje moja, kisha punje nyingine, uchore uwiano wa risasi kwa molibdenamu. Uwiano ukitulia, endelea. Ukihamahama kwenye mstari ulionyooka kutoka galena hadi molibdenaiti, umepima mchanganyiko, na kazi imeishia hapo.

Ukivuka hapo, hamia kwenye maikroprobu (mashine ya kupima kemia ya nukta ndogo kwa elektroni) yenye WDS, kipimo kinachochambua eksirei kwa urefu wa wimbi, ambacho huitenganisha mistari hiyo mitatu, ukilinganisha na sampuli ambazo kiasi cha elementi zake kinajulikana. Hesabu ya kemia pekee haitoshi, lakini. Pairaiti na makasaiti zote ni FeS2, kemia ile ile, ila atomi zimepangwa tofauti, na kila moja ni spishi yake, yaani aina ya madini inayojitegemea. Ndiyo maana difraksheni ya eksirei, yaani kusoma jinsi fuwele inavyotawanya eksirei, haikwepeki: itoe punje ile ile uliyoipima, si jirani yake, na muundo wa fuwele usomwe kutoka humo. Difraktomita za siku hizi hufanya kazi hata kwa fuwele ya sehemu ndogo ya milimita.

Kwa upande mwingine, si kila tofauti ya kemia huzaa spishi. Galena yenye fedha au bismathi kidogo ni galena tu. Kinachoamua ni elementi inayoongoza katika nafasi fulani ya muundo: katika tetrahedraiti (salfaidi ya shaba na antimoni), zinki ikiishinda chuma ni spishi moja, chuma ikiongoza ni nyingine.

Nakushauri uanze kwa kujilinganisha na merelaniaiti, iliyoidhinishwa mwaka 2016 kutoka migodi ya tanzanaiti ya Merelani. Fomula yake ni Mo4Pb4VSbS15, yaani elementi zako tatu pamoja na vanadi na antimoni, na miongoni mwa madini yanayoandamana nayo imo grafiti. Huonekana kama nywele za kijivu cheusi, kila unywele ukiwa tabaka zilizoviringwa kama mkeka: tabaka za aina ya PbS zikipishana na za MoS2. Je, punje zako zina umbo la silinda? Umetafuta vanadi? Hukuitaja, na huenda hukuiweka kwenye orodha ya elementi za kupima.

Ikibaki kwamba hailingani na chochote, mwamuzi ni kamisheni ya madini mapya ya IMA, jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi wa madini. Pendekezo huwa na kemia, muundo, difraksheni ya unga, ugumu, densiti (kwa punje ndogo hukokotolewa), na kwa madini yasiyopitisha mwanga kama haya, kiwango cha kuakisi mwanga hewani, angalau kwa nanomita 470, 546, 589 na 650. Wajumbe hupiga kura. Jina halichapishwi kabla ya idhini, na huruhusiwi kuyapa jina lako mwenyewe. Wengi huliulizia hili kabla hata ya kuuliza kemia. Sampuli ya kielelezo lazima ihifadhiwe kwenye makumbusho, kwa hiyo tenga sasa hivi punje kadhaa ambazo hazitasagwa wala kung'arishwa.

Ukishapima upya, nitumie jedwali lenye jumla halisi. Programu nyingi za EDS hulazimisha jumla ifike 100. Zima hicho kipengele. Kwa maikroprobu, jumla ya 99 au 100 inatia moyo. Ikiwa 93, kuna kitu hukukipima, au punje imeanza kuoza na kuingiza oksijeni.