Nimeanguka saiti, nikasainishwa karatasi: bado nina haki?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina miaka 27, ni saidia fundi. Tangu Januari nilikuwa kwenye jengo la ghorofa huku Nzuguni, siku sita kwa wiki, 15,000 kwa siku, formani ananitumia kwa simu kila Jumamosi. Mwanzoni mwa Agosti upepo ulikuwa mkali, ubao wa jukwaa ukageuka, nikaanguka na ndoo ya zege kutoka ghorofa ya pili. Mguu umevunjika. Kofia ngumu tunapewa siku wakaguzi wakija tu. Mkanda wa usalama sijawahi kuuona. Formani alinipeleka hospitali, akalipa siku ya kwanza, kisha akaja nyumbani na 200,000 na karatasi niliyosaini kwamba sidai tena. Sikuwa na hela ya dawa. Wiki iliyopita kaniambia nafasi yangu imeshapata mtu, na kibarua asiye na mkataba hana fidia. Ni kweli? Niende OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi, au mahakamani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Si kweli, ila una siku chache kuliko unavyodhani.

Tuanze na hilo neno kibarua, maana ndilo linalowafukuza wengi kabla hata hawajabisha hodi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, haiulizi unaitwaje. Inauliza nani anakupangia kazi na saa za kuingia, vifaa ni vya nani, unategemea ujira wa nani, na kama kwa miezi 3 ya mwisho umemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi. Likiwepo hata moja kati ya mambo hayo, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Saa 45 wewe unazimaliza kwa wiki moja! Kuhusu mkataba, kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Kesi ikifika mezani naye hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo unakuwa wake. Formani anakutisha kwa kosa la bosi wake.

Sasa fidia. Anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008. Mfuko hauulizi nani mzembe, unauliza kama umeumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo wakikuambia "hukufunga mkanda", usitetereke. Kinachoweza kumharibia mtu ni utovu wa makusudi, na kukosa mkanda ambao hukupewa si utovu wako. Mfuko unagharamia matibabu, na kwa muda ambao huwezi kufanya kazi unalipa asilimia 70 ya kipato chako, kwa kikomo cha miezi 24. Piga hesabu: 15,000 mara siku 26 ni 390,000, asilimia 70 yake ni 273,000 kwa mwezi. Zile 200,000 ulizopewa hazifiki hata mwezi mmoja. Mguu ukibaki na kilema, madaktari watapima kiwango chake. Kisichozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, kinachozidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Karatasi uliyosaini ni maneno kati yako na formani. Mfuko haukuwa pale nyumbani kwako na haukusaini kitu. Ukiulizwa, sema kweli kwamba ulisaini na ulipokea kiasi gani. Usiifiche.

Kama mkandarasi, yaani bosi wa formani, hakukusajili WCF, hilo ni kosa lake. Mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara na unatoka mfukoni mwake, hauruhusiwi kukatwa kwako. Kwa ujira wako ni kama 1,950 kwa mwezi. Huwa nashangaa watu wanavyokwepa bei ya soda mbili tatu.

Mwajiri alipaswa kupeleka taarifa ya ajali WCF ndani ya siku 7. Inaonekana hakupeleka. Basi nenda mwenyewe ofisi yao hapa Dodoma, au mtume ndugu kwa kuwa una plasta. Kikomo cha kupeleka madai ni miezi 12 tangu ajali, lakini usisubiri. Mashahidi wa saiti leo wako Nzuguni, mwezi ujao wako Mtumba au Msalato, na namba zao zimebadilika.

Jambo moja naomba ulifanye hata kabla ya hapo: kaombe kuona faili lako la hospitali na fomu ya polisi ya PF3. Nimekutana na mafaili kadhaa ambayo mgonjwa kaandikwa "ameanguka na bodaboda", kwa sababu aliyetoa maelezo mapokezi ni formani, mgonjwa mwenyewe analia kwa maumivu. Ukikuta hivyo, mwombe daktari asahihishe sasa hivi, ukiwa na shahidi mmoja wa siku ile. Mstari huo mmoja umeshaua madai mazuri. Na zile meseji za malipo ya kila Jumamosi ndizo mkataba wako. Chukua taarifa ya miamala yote tangu Januari. Mtu akupigie pia picha ya ubao ulio mbele ya jengo, wenye jina la mkandarasi. Formani anaweza kupotea, mkandarasi kasajiliwa.

Kuachishwa kazi ni shauri lingine kabisa, na hapa ndipo siku zinakubana. Linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ulipoambiwa. Wiki moja imeshapita. Unajaza Fomu Namba 1, unampa mwajiri nakala, halafu unaiwasilisha. Ukichelewa utaanza kuomba kuongezewa muda, na si lazima ukubaliwe. Bahati yako umefanya kazi zaidi ya miezi 6, chini ya hapo usingeweza kudai kuachishwa isivyo halali. Mtaje mkandarasi na formani wote wawili, wasije wakarushiana mpira.

OSHA nenda, ila ujue unafuata nini. Hawalipi fidia. Wao wanasimamia sheria ya 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi: wanakagua, wanaweza kusimamisha kazi yenye hatari na kumfikisha mwajiri mahakamani. Jukwaa lisilo na kizuizi, mbao zisizofungwa, kofia za kuonyesha wageni, hayo ndiyo ya kuwaeleza, pamoja na picha. Wenzako bado wanapanda pale, na upepo wa Dodoma wa miezi hii unaujua.

Mahakamani usiende kwanza. Wiki hii CMA na faili la hospitali, wiki ijayo WCF. Na simu yenye zile meseji, hata ukibanwa na kodi ya nyumba, usiiuze.