Jibu: Nishati inayorudishwa CBETA na haidrojeni safi

Mkuu, umeuliza kama nishati inayorudishwa na CBETA, mashine ya kuongeza kasi ya elektroni kule Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, inaweza kuchukuliwa itengeneze haidrojeni safi. Haiwezi, maana haitoki nje ya mashine. Elektroni huingia zikiwa na MeV 6 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe), hupita mara nne kwenye kaviti, yaani vyumba vya chuma ambamo mawimbi ya redio huzisukuma, hadi kufika MeV 150, kisha hupita mara nne nyingine zikirudisha nishati kwenye mawimbi yale yale ya redio ya GHz 1.3. Kazi yote iko kwenye urefu wa njia: mzunguko wa juu kabisa lazima uzicheleweshe kwa nusu wimbi, sm 11.5 hivi, ili wimbi lichukue nishati yao badala ya kuwaongezea. Kosa la milimita 0.64 tu ni digrii nzima, wimbi zima likiwa digrii 360. Digrii zikizidi, elektroni zinabaki na nishati isiyolingana na sumaku zinazoziongoza na kuishia kugonga bomba.

Kinachopatikana nje ni joto la maji ya kupozea, vuguvugu tu, nalo halisaidii. Kilo moja ya haidrojeni inataka umeme wa kWh 50 hadi 55 na maji lita 9 hivi, na mashine ya alikali (inayopasua maji kwa umeme kupata haidrojeni) ikishaanza kazi vizuri huzalisha joto lake yenyewe. Kwa hiyo pigia hesabu umeme wa gridi uliookolewa kwa sababu nishati inarudishwa. Huo ndio unaoweza kuuelekeza kwenye haidrojeni, na usafi wa haidrojeni hiyo unategemea gridi yenyewe.