Steve Martin na The Pink Panther: tusiusingizie uzee

Ndugu uliyeuliza kama The Pink Panther ya 2006, ile filamu ya vichekesho vya upelelezi, iliharibika kwa vile mchekeshaji wa Marekani Steve Martin alishazeeka, mimi nakataa. Ni kweli alikuwa na miaka 60 ilipotoka. Lakini Mzee Majuto alituvunja mbavu huku Pwani mpaka uzeeni, na uzee wenyewe ndio uliokuwa mtaji wake.

Kilichoiua filamu ile ni kumsahau maiti. Mwanzo ni mzuri: Ufaransa inaifunga China nusu fainali, kocha Gluant anaanguka na mshale wa sumu shingoni, na pete yake ya almasi haionekani. Niliitazama kwenye banda la video huku Maweni, Malindi, benchi zimejaa watu na viazi karai vyao, wengi wakingoja mpira wa usiku. Ubishi ukazuka papo hapo: China kafikaje nusu fainali, na Kombe la Dunia la 2002 alitoka bila hata bao moja? Kicheko kikubwa cha jioni ile kilikuwa hicho, na Clouseau, mpelelezi anayeigizwa na Martin, bado hajatia mguu.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza nani kaua. Martin anaanguka, anavunja vitu, anaipinda lafudhi, na kesi imelala. (Pale anapofundishwa kutamka hamburger nilicheka, haki yake nampa.)

Sasa itafute A Shot in the Dark ya 1964, Clouseau akiwa Peter Sellers. Anamhoji tajiri Ballon huku wakicheza biliadi. Fimbo aliyoshika imepinda, kitambaa cha meza anakichana, lakini maswali ya mauaji hayakatiki, na George Sanders aliye Ballon hatikisiki uso. Muuaji hajajulikana bado, na mpelelezi anahangaika na fimbo! Hata Vioja Mahakamani, kile kipindi cha vichekesho cha Kenya, ndivyo ilivyotuchekesha: Makokha na Ondiek walikuwa na vituko vyao, lakini mashtaka yalisomwa kwa ukali uleule wa mahakamani.

Najua mtaniambia Sellers wakati ule hajafika hata arobaini. Sawa, lakini mpeni kijana yeyote ile hadithi ya 2006, kesi ikiwa imelala vilevile, mtapiga miayo tu.

Ya pili yake, ya 2009, sikuimaliza. Kama bando lako linatosha filamu moja, shusha ya 1964.