Ukiongoza watu wa kujitolea, wapangie na kuondoka kwao

Hapa Dodoma, mji wa semina na warsha, ukimwita mtu kujitolea swali lake la kwanza ni posho. Usimlaumu, wala usijiumeume. Mwambie siku hiyo hiyo: posho hakuna, bando lipo. Timu yetu ya kutafsiri programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, kwa Kiswahili inabebwa zaidi na wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na bila hivyo bando lingetoka mfukoni mwao. Mtu akupe muda wake, halafu ajigharimie na intaneti? Huo ni uonevu. Kama hela ya bando haipo, punguza mikutano ya mtandaoni.

Atakayebaki baada ya kusikia hivyo ni wako, ila kwa muda tu. Ikikaribia UE, mitihani ya mwisho wa muhula, kundi la WhatsApp linanyamaza. Wenye sapu, mitihani ya marudio, hawaonekani. Wengine wameenda fildi, mafunzo kwa vitendo, huyu Kondoa, yule Manyoni. Kiongozi asiyeijua ratiba ya chuo huandika waraka mrefu wa lawama usiku wa Jumapili, na asubuhi anakuta watu wamejitoa kundini kimya kimya.

Kwa hiyo kata kazi vipande ambavyo mtu anavimaliza kwa kikao kimoja. "Tafsiri LibreOffice", programu nzima ya kazi za ofisi, ni kifungo. "Tafsiri sehemu ya kuchapisha" inafanyika jioni moja. Kwenye Weblate, jukwaa la mtandaoni la kutafsiri programu, kila sentensi iliyohifadhiwa inabaki pale, na mwingine anaendelea alipoishia mwenzake.

Kukabidhi nako kuwe kwepesi. Mradi wa Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta ulioanza mwaka 1993, una orodha ya vifurushi vya programu vilivyo yatima: mtunzaji wa kifurushi akishindwa kuendelea anatangaza, na mwenye nafasi anakichukua. Sisi tunaandika "nakabidhi" kundini, basi, na hakuna ruhusa ya kuuliza kwa nini. Nywila za usimamizi zisikae kwa mtu mmoja. Hili halina mjadala.

Kwenye maamuzi tumeiga Apache, jumuiya ya kimataifa ya miradi ya programu huria, ambako kura kwa kawaida huachwa wazi saa 72 au zaidi ili walioko pembe nyingine za dunia nao wapige. Kwetu pembe ya dunia ni mtu aliyeishiwa bando Ijumaa.

Kigumu kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni heshima. Wa mwaka wa kwanza hamkosoi kaka wa mwaka wa nne, sembuse mhadhiri. Makosa yanapita huku kila mtu anayaona. Kutangaza kwamba "hapa wote ni sawa" hakusaidii. Aliyekuamkia shikamoo mlangoni hawezi kukusahihisha dakika tano baadaye kwa sababu ya tangazo. Anza na kazi yako mwenyewe: mpe mdogo kuliko wote aikague, wote wakiona. Atajibu, "Iko vizuri kaka." Mrudishie: "Tafuta kosa, mdogo wangu, lipo." Akilipata, mshukuru hapo hapo kundini na ulirekebishe siku hiyo hiyo, ili na wale wakubwa wenzako waone kwamba hujapungukiwa kitu.