Kabla hujanunua taa ya wati 600

SWALI: Mimi hupiga picha za mahafali na arusi hapa Nairobi, mara nyingi kwenye bustani ya miti ya Arboretum au nje ya kumbi, kati ya saa tano na saa nane mchana. Nina kamera, lenzi ya milimita 50 na fleshi moja ndogo ninayoipachika juu ya kamera. Macho ya wateja huzama kwenye kivuli, na nikiwasha fleshi, paji la uso linang'aa vibaya. Muuzaji ameniambia ngozi nyeusi "hunywa mwanga", hivyo ninunue taa ya wati 600. Ninunue? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Usinunue. Hiyo hadithi ya ngozi kunywa mwanga naletewa kila wiki, na kila anayeileta ameuziwa kitu au yu karibu kuuziwa.

Ni kweli ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kuliko nyeupe. Lakini hiyo ni kazi ya kuipanga kamera, si ya kuongeza wati. Kamera ikijipimia yenyewe, hupima kila kilichomo kwenye fremu: bibi arusi mwenye gauni jeupe atatoka na uso uliofifia, na mhitimu mwenye joho jeusi atatoka na uso uliopauka. Weka kamera kwenye manyuo (upange mwangaza mwenyewe), upime shavu, uache gauni na joho vijipange.

Ule mng'ao unaokuudhi ni jambo jingine. Kwenye ngozi nyeusi unaonekana zaidi, na huchukua umbo la taa yenyewe. Kioo cha fleshi yako ni kidogo, basi kinapiga doa dogo kali. Ukiiongezea nguvu bila kuipanua, utapata doa lile lile, kali zaidi. Mwanga uleule ukipita kwenye mwavuli mweupe wa sentimita 100, mng'ao unatandaa na kuchora shavu vizuri. Ngozi nyeusi iliyopigwa picha hivyo hupendeza ajabu.

Kwa hiyo itoe fleshi juu ya kamera. Tafuta triga ya redio (ya kuiwasha fleshi ikiwa mbali na kamera), stendi na mwavuli, uiweke upande mmoja, juu kidogo ya macho, yapata mita moja na nusu kutoka usoni. Ukaribu ndio nguvu ya bure: fleshi ikitoka mita nne hadi mbili, mwanga unaofika huongezeka mara nne. Stendi ishikwe na mtu, maana upepo mdogo tu unaubeba mwavuli na fleshi yako nao. Shata, yaani muda kamera inaofunguka, isipite kasi ya 1/200 ya sekunde, la sivyo kamera nyingi zitakuachia ukanda mweusi kwenye picha. Kwa jua kali, ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na f/11 (upana wa tundu la lenzi) ni pa kuanzia.

Kuhusu macho kuzama: Nairobi iko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua liko karibu na utosi na nyusi zinaziba macho. Wanaokufundisha kwenye video usubiri mwanga wa jioni wako Ulaya, ambako jua la kiangazi hushuka polepole. Hapa linadondoka, na mahafali hayakungoji. Mpeleke mteja ukingoni mwa kivuli cha mti, uso utazame penye uwazi. Pasipo kivuli, mpe jua mgongo na umrudishie mwanga kwa rifleka, yaani ubao wa kuakisi mwanga. Hata manila nyeupe iliyogundishwa kwenye kartoni inatosha, ilimradi iwe kifuani, si miguuni. Ikiwa chini mno mtu anaonekana kama anajimulika tochi. Angalia pia mnasimama wapi: udongo mwekundu hupaka kidevu wekundu, na nyasi hupaka ukijani.

Kinachonikera kuliko taa ni preseti, mipangilio ya kuhariri picha kwa mbofyo mmoja, zinazouzwa kwa ahadi ya "ngozi safi". Nyingi hazifanyi lolote ila kuinua mwangaza na kufuta rangi ya kahawia, hadi mama na bintiye wanatoka na uso mmoja wa kijivu, shingo rangi nyingine. Wateja wameanza kuziomba kwa sababu wapiga picha wamewazoesha. Kivuli kibaya hakifutwi na preseti. Kinapauka tu, na chembechembe zinajitokeza pale pale chini ya macho. Anayekuuzia, mwambie akuonyeshe picha ya mtu mweusi iliyopigwa saa saba mchana, kabla haijaguswa.