Kodi ya fleti imepandishwa kupita kiasi: je, nimeshachelewa kudai?

SWALI: Mshauri wetu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimepanga fleti Bronx, New York, kwa dola 1,600 kwa mwezi. Katika mkataba wa mwaka mmoja ulioanza Machi 2025, mwenye nyumba aliandika dola 1,900, nami kwa hofu ya kufukuzwa nikatia saini. Je, nimeshapoteza haki yangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujaipoteza, na saini hiyo isikunyime usingizi, kwa kuwa mpangaji hawezi kuiacha haki hii hata kwa maandishi. Kwanza hakikisha kwamba fleti yako inalindwa na sheria ya mwaka 1969 ya kudhibiti kodi za nyumba, ambayo kwa kawaida huhusu majengo yenye fleti sita au zaidi yaliyojengwa kabla ya 1974. Omba historia ya kodi katika idara ya nyumba ya jimbo, bila malipo. Ni karatasi inayoonyesha, mwaka baada ya mwaka, kiasi alichosajili mwenye nyumba.

Kwa mikataba ya mwaka mmoja iliyoanza kati ya Oktoba 2024 na Septemba 2025, bodi ya jiji iliruhusu nyongeza ya asilimia 2.75, yaani dola 44 kwako. Mwenye nyumba asipoonyesha ukarabati ulioidhinishwa, dola 256 zinazozidi kila mwezi ni zako, nawe uzidai kwa kuwasilisha lalamiko katika idara hiyohiyo, ukiambatisha nakala za mikataba na risiti zote. Akishindwa kuthibitisha kwamba hakukusudia, anaweza kuamriwa kulipa mara tatu ya kiasi hicho kilichozidi.